Nati, Mjomba Wake na Swali la Oili

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Nati alikuwa amelala chali chini ya lori dogo la mkate, spana namba kumi na saba mkononi, mlio ule ulipokata kona na kuingia mtaani: injini ya zamani, vali zikigongana kama vijiko kwenye sinia. Hakuhitaji kuchungulia. Kwenye injini ile ndiko alikojifunza kazi, na hata ingechanganywa na mia nyingine angeitambua. Mkono wake ukasimama hapohapo kwenye boliti.

Pikapu ilisimama mlangoni mwa gereji, ikakohoa mara mbili, ikatema moshi wa bluu mpaka mchomeleaji wa jirani akavua miwani yake ya kazi kutazama kulikoni. Akashuka mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, kakumbatia galoni la oili jipya la rangi ya fedha kama mtu aliyekabidhiwa kichanga.

"Hodi hapa," alisema.

Nati alijivuta kutoka chini ya lori taratibu, kama mtu asiye na haraka na mgeni. Akajifuta mikono kidole kimoja baada ya kingine. Miaka tisa alikuwa akijiuliza siku hii ikifika atasema nini, na sasa imefika, ulimi ukafanya kile ulichofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Tupo kazini. Una shida gani?"

Jina la Nati si la kuzaliwa. Mzee huyuhuyu ndiye aliyempa, enzi hizo binti ana miaka kumi na minane na ndiyo kwanza ameingia gereji yake kujifunza. Alimwita Nati kwa sababu ni mfupi, ni mgumu, na akishakaza mahali haondoki mpaka atafutiwe spana yake. Mzee naye alikuwa na lake: mji mzima ulimwita Bingwa. Gereji ya Bingwa ilikuwa na mafundi tisa na foleni ya magari hadi barabarani, na mwenyewe alikuwa kaka wa mama yake Nati, tumbo moja, ziwa moja.

"Inakula oili," alisema Bingwa, akiigonga pikapu kwenye boneti. "Nikiijaza leo, wiki ijayo kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Sasa watu wananichanganya. Mmoja ananiambia weka sintetiki, hii oili ya kisasa ya kiwandani, ndiyo dawa yake. Mwingine anasema gari kuukuu ukilinywesha sintetiki umeliua. Hili galoni nimeshalinunua. Nikasema, ngoja nikamuulize Nati. Niweke, nisiweke?"

Nati alimtazama usoni kuona kama anatania. Mzee hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, na alilisubiri jibu kama mgonjwa mbele ya daktari. Katika maswali yote ambayo mtu anaweza kuuliza kuhusu gari, matairi, breki, klachi, rejeta, mjomba wake alikuwa amechagua hilo.

*

Miaka tisa nyuma, Mwalimu Mkuu wa shule ya mtaani kwao aliingiza gari lake kwenye gereji ya Bingwa. Lilikuwa gari dogo, la siku nyingi, lakini linang'aa kuliko kiatu chake. Alikuwa na safari na alikuwa na haraka. Bingwa, ambaye alipenda kuonekana mtu wa kisasa mbele ya wakubwa, alitoa galoni la sintetiki, la kwanza kuingia pale, akamwahidi Mwalimu kwamba injini itarudi ujana.

Nati ndiye aliyepewa kazi. Alifungua kifuniko cha oili juu ya injini, akaingiza kidole, kikatoka na tope jeusi zito kama lami. Akamfuata mjomba wake pembeni, mahali ambapo mteja hasikii.

"Mjomba, hii injini haijabadilishwa oili vizuri miaka na miaka. Imejaa tope. Hii oili mpya ni kama sabuni, italing'oa lote kwa mpigo, literemke kwenye chujio kule chini. Chujio likiziba, injini inakaa bila oili. Tushushe bakuli la oili, sampo, kwanza, tuoshe. Ni kazi ya siku moja tu."

"Mwalimu hana siku moja."

"Basi tumwekee ya kawaida."

"Nimeshamwahidi. Mimina, Nati. Mimina, acha kunifundisha kazi."

Akamimina. Siku ya sita taa ya oili iliwaka njiani, na kabla Mwalimu hajajua taa ile ina maana gani, injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa. Gari likavutwa hadi gereji, mwenyewe nyuma yake kwa miguu, uso umemvimba kwa hasira. Mafundi tisa wakaacha kazi. Wateja wakasogea. Na Bingwa, bila hata kupepesa jicho, akanyoosha kidole.

"Ni huyu. Nilimkataza. Nilimwambia oili hii haifai kwa gari hili, akaona anajua kuliko mimi. Kosa ni langu, Mwalimu, kumpa mwanamke injini. Mwanamke na injini wapi na wapi?"

Watu wakacheka. Nati alisubiri mjomba wake amgeukie, amkonyeze, ampe ishara yoyote ya kwamba baadaye watayamaliza nyumbani. Badala yake alirushiwa ovaroli yake hadi getini, ikatua kwenye dimbwi.

Tangu siku hiyo hakuna gereji iliyompokea. Akifika mahali, habari zake zimeshatangulia: ndiye yule wa gari la Mwalimu. Miaka mitatu aliziba pancha kando ya barabara, chini ya bati moja, akipumua vumbi la magari ambayo angeweza kuyafungua na kuyafunga huku amefumba macho. Mama yake naye hakusalimika. Alikuwa mshonaji wa sare za shule ileile, na wiki mbili baada ya tukio Mwalimu Mkuu alituma watu wakabeba vitambaa vyote, vilivyokatwa na visivyokatwa, wakapeleka kwa mshonaji mwingine.

Kilichomtoa Nati chini ya bati ni lori la mkate. Lilizima mbele yake alfajiri moja likiwa limejaa, na yeye akaliwasha kwa waya na kipande cha mpira wa tyubu. Mwenye mkate hakujali habari za Mwalimu. Alijali mikate yake ifike ingali moto. Akamletea magari yake mengine, akawaambia wenzake, na Nati akapanga uwanja pembeni ya mchomeleaji. Sasa alikuwa na mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari, winchi ya kunyanyulia injini, na ofisi ndogo yenye mhuri wake mwenyewe.

Bingwa alikwenda upande wa pili. Macho yalififia, mafundi wakaondoka mmoja mmoja, uwanja ukachukuliwa na mwenye kiwanja. Akabaki na pikapu, akawa mtu wa kuhamisha makabati na vitanda vya watu.

*

"Iwashe," Nati alisema.

Bingwa akawasha. Nati akasikiliza, kichwa kaegemeza upande mmoja. Kisha akamwambia azime, akafungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole.

Tope lilelile. Jeusi, zito, lenye chenga. Akachutama na kuangalia chini: sili ya mbele, mpira wa kuzuia oili isitoke, ilikuwa inavuja, tone baada ya tone.

Jibu alikuwa nalo. Alikwisha kulitoa kwa wateja zaidi ya mia, mpaka mchomeleaji alikuwa amelikariri: sintetiki si sumu na wala si dawa, usiangalie umri wa gari, angalia tumbo lake. Injini ikiwa safi na haivuji, iwekee sintetiki yenye uzito unaofaa hata kama gari lina miaka thelathini. Ikiwa imejaa tope, ioshe kwanza, au baki na oili ya kawaida na uibadilishe mapemamapema mpaka itoke ikiwa safi. Na sili zikiwa zimechoka, rekebisha sili, kwa maana oili nyepesi itatafuta njia ya kutoka. Basi. Maneno ya dakika moja. Yalikuwa yamejipanga ulimini, yamebaki kutoka tu.

Akayameza.

"Mjomba," alisema, akijifuta kidole. "Siku ile ya gari la Mwalimu Mkuu. Nani alisema mimina?"

Bingwa akaangalia viatu vyake. "Ah, mwanangu. Hayo si yalishapita? Tuangalie ya leo."

"Ya leo mimi siyajui. Mimi si mwanamke? Na injini wapi na wapi?"

Mchomeleaji alianza kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Bingwa alilihamisha galoni kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Kwa hiyo hunijibu?"

"Wewe ndiye Bingwa. Mimina unachoona kinafaa."

Mzee aligeuka. Akarudi kwenye pikapu, akaliweka galoni kwenye kiti cha abiria, akaondoka. Nati alibaki amesimama mpaka moshi ukaisha. Aliporudi chini ya lori alicheka peke yake, kicheko kidogo, cha puani.

Jioni alimkuta mama yake kwenye cherehani, miwani puani, akipinda mapazia ya mtu. Akamweleza yote, kuanzia mlio hadi moshi. Mguu wa mama ukasimama kwenye pedali.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Hata neno?"

"Hata neno, mama."

Nati alijiandaa kwa mahubiri. Ni kaka yangu, ni mzee, ni damu yako. Mama alikata uzi kwa meno, akavua miwani.

"Kaa chini. Leo nakupikia mwenyewe."

Akapika kama anayepokea wageni, akiongea na sufuria zaidi ya anavyoongea na binti yake. "Yule nimemlea mgongoni," alisema. "Siku waliyokuja kubeba vitambaa vyangu, nilimwona. Alisimama ng'ambo ya barabara. Macho yetu yakakutana. Unajua alifanya nini? Aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Na alikuwa amevaa ndala!" Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Ndala, Nati! Acha izime. Na izimie mahali penye watu."

*

Habari zililetwa na muuza spea, mtu ambaye duka lake liliuza maneno kuliko plagi. Alhamisi, Bingwa alikuwa amejimiminia oili kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya duka. Na alikuwa anaisifu.

"Anasema injini imetulia kama paka aliyeshiba. Anasema vijana wa siku hizi waoga tu, sintetiki ndiyo mpango mzima."

"Kweli?" Nati alisema, akichagua gasketi. "Alhamisi, umesema?"

"Alhamisi."

Akarudi gereji, akachora kwa chaki mstari mmoja kwa kila siku iliyopita tangu Alhamisi, nyuma ya mlango wa ofisi. Kila kukicha akaongeza mwingine. Alifanya kazi vizuri siku zile, alilala vizuri, alikula vizuri. Akiwa ameinama kwenye injini za watu, akili yake ilikuwa ndani ya ile pikapu: oili mpya ikipita kwenye njia zilizosahaulika, ikilainisha tope, ikilibandua, vipande vikiteremka kimoja kimoja kwenye sampo, vikikusanyika kwenye wavu wa chujio. Aliona wavu ukizibwa tundu baada ya tundu. Chuki ile alikuwa ameitunza miaka tisa bila kuiachia ipate kutu, na sasa ilikuwa inafanya kazi yenyewe, yeye kakaa pembeni.

Siku ya saba alikutana nayo njiani. Pikapu ilikuwa imebeba kabati, kitanda na magodoro ya mtu, moshi umepungua kweli. Bingwa alimwona, akapiga honi, akampungia mkono kwa majigambo, kama kumwambia unaona? Bado ilikuwa inaokoleka. Kuisimamisha tu, kumwaga oili, kushusha sampo. Mkono wa Nati ulinyanyuka wenyewe, ukafika usawa wa bega, na hapo akaupeleka shingoni, akajikuna. Pikapu ikapita.

Siku ya kumi na moja pikapu ililetwa ikivutwa kwa kamba, nyuma ya lori la saruji. Ilizimia sokoni, mchana kweupe, kitanda cha bwana harusi kikiwa juu. Mama yake Nati alipoambiwa, aliuliza mara tatu kama ni sokoni kweli.

Bingwa aliingia gereji kavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe, kidogo kuliko Nati alivyokikumbuka.

"Taa iliwaka," alisema. "Nikasema nifike tu. Haikufika."

"Kwa nini hukuipeleka kwingine?"

"Nimepeleka. Wanasema niuze chuma. Hakuna anayetaka kuifungua injini hii. Wewe unaijua. Pikapu hii ndiyo mkono wangu, Nati. Sina mwingine."

"Nitaifungua," Nati alisema. "Jumamosi, saa nne asubuhi. Utakuwepo. Mama atakuwepo, na kila mtu wa mtaa huu anayetaka kuona. Na Mwalimu Mkuu atakuwepo. Utamleta wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Mwalimu amestaafu, mwanangu, ni mtu mzima sasa..."

"Bado anaendesha gari. Atafika."

Bingwa akavaa kofia yake. Alielewa bei ya kazi ile.

*

Jumamosi mama alivaa gauni lake la bluu, lile la kola nyeupe, akakalia kiti cha ofisini katikati ya uwanja kama hakimu. Mchomeleaji alizima mashine. Muuza spea alifunga duka, jambo ambalo hajawahi kufanya hata akiugua. Mwalimu Mkuu alikuja na gari lake, jingine sasa, lakini nalo la miaka ishirini na zaidi, na linang'aa vilevile. Akashuka na fimbo yake, akapewa benchi, akasalimia wote kwa sauti ya darasani.

Nati aliingia shimoni. Alifungua boliti za sampo moja moja, bila haraka, akiwaacha wasikie kila moja inavyoanguka kwenye bakuli. Akashusha sampo, akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na tope la kuchota kwa kijiko. Kisha akang'oa chujio, akalinyanyua juu. Wavu haukuonekana hata tundu moja.

"Hii ndiyo pua ya injini," alisema, na sauti yake ilikuwa shwari kuliko alivyotarajia. "Oili inapita hapa kwenda juu. Gari la Mwalimu nalo lilikufa hivihivi. Mjomba, waambie nani alikwambia tufungue kwanza tuoshe, na nani akasema mimina."

Uwanja mzima ukamgeukia Bingwa. Alisimama kando ya pikapu yake, mkono kwenye bodi kama anayezuia isianguke.

"Ni yeye aliyeniambia tuoshe," alisema. Hakusikika vizuri.

"Ongeza sauti," alisema mama. "Siku ile ulikuwa nayo."

"Nati aliniambia tuoshe! Mimi nikasema mimina. Nilimsingizia. Nilikuwa naogopa jina langu litaharibika, nikaharibu lake." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kofia. "Nisamehe, mwanangu. Na wewe dada, unisamehe."

Nati alihisi utamu ule ukimpanda kutoka miguuni hadi kichwani. Haukuwa utamu wa asali, ulikuwa wa maji baridi kwa mtu aliyetoka juani. Aliuacha umpande. Aliangalia nyuso moja moja, muuza spea, mchomeleaji, mafundi wawili wa zamani wa Bingwa waliosimama getini, wale waliocheka siku ile. Wakainamisha vichwa. Mwishowe akamwangalia Mwalimu Mkuu, akisubiri uso wake ubadilike.

Haukubadilika. Mwalimu alikohoa.

"Ndiyo hilo tulilokuja kusikiliza?" aliuliza, kwa upole tu. "Mimi hilo nililijua zamani. Bingwa alinifuata nyumbani jioni ileile, akanieleza ilivyokuwa. Akaahidi kunitafutia injini nyingine na kuifunga kwa mkono wake, na alitimiza. Tukaona hakuna haja ya kukuza mambo. Yeye alikuwa na gereji na mafundi wanaomtegemea. Wewe ulikuwa binti tu, tukajua utaolewa, utasahau."

Nati alimgeukia mjomba wake, na mjomba alikuwa amefumba macho.

Mama ndiye aliyeuliza, polepole. "Na sare zangu, Mwalimu?"

"Sasa ningeendeleaje kukupa sare, huku inajulikana kuwa binti yako ameniharibia gari? Watu wangeshangaa." Alisema kama anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Halikuwa jambo la ubaya, mama. Ilibidi lionekane sawasawa."

Miaka tisa Nati alikuwa amemwekea mtu mmoja hasira yake yote, amempimia na kumshonea. Kumbe alikuwepo wa pili, amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, hana hata doa kwenye shati. Mjomba alisema uongo kwa woga. Huyu hakuogopa chochote. Alijua ukweli, akaukunja vizuri, akaendelea kupita mbele ya bati lake la pancha kila asubuhi miaka mitatu bila kumwitikia salamu, ili tu lionekane sawasawa. Mkono wa Nati ulikuwa bado umeshika chujio. Aliliweka mezani kwa sababu aliona atalirusha.

Mwalimu alinyanyuka, akajinyoosha suruali. "Kwa kuwa niko hapa, binti," alisema, akielekeza fimbo kwenye gari lake, "nami nilitaka kuuliza. Wanangu wananihimiza niweke hiyo sintetiki. Wewe umeonyesha kuwa unaijua kazi. Niweke, nisiweke?"

Mchomeleaji aliachama. Mama alishika mikono ya kiti. Bingwa alifumbua macho.

Nati alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, akafungua kifuniko cha oili. Alitamani kwa roho yake yote akute tope. Alitamani liwe zito la kukatwa kwa kisu, amwambie weka, Mwalimu, weka hata leo. Akaingiza kidole, akakitazama kwa tochi, akavuta kijiti. Akazunguka, akachungulia chini.

Injini ilikuwa safi kama sahani. Hakuna tone linalovuja. Mwalimu alikuwa mtu wa kutunza vyake, hilo huwezi kumnyang'anya. Katika magari yote ya zamani pale mjini, kama kuna moja lililofaa kuwekewa sintetiki, ni hilo.

Alisimama akiwaza cha kumwambia, na hapo alipoinua kichwa akauona uso wa Mwalimu. Mwalimu hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia meza, chujio lile lililozibwa, tope linalodondoka ukingoni. Kisha akamwangalia Nati, akarudi kwenye chujio. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kuna kitu kilimcheza shavuni.

Nati akatabasamu. Tabasamu zuri kabisa, la kumwonyesha mteja.

"Weka," alisema.

"Niweke?"

"Weka, Mwalimu. Injini yako ni safi. Itakufaa sana."

"Una hakika?"

"Mimi nikudanganye ili iweje?"

Ilikuwa kweli tupu, na kila neno lilimchoma Mwalimu kama msumari. Alitikisa kichwa mara kadhaa kukubali, akashukuru, akaingia garini. Aliondoka polepole, mwendo wa kwenda mazikoni, shingo imenyooka akitazama taa za dashibodi.

*

Injini ya Bingwa ilimchukua Nati wiki mbili. Alisugua kranki, akabadilisha beringi, akaweka sili mpya mbele na nyuma, akaosha kila njia mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe. Siku ya kuichukua alimkabidhi ufunguo dirishani mwa ofisi.

"Nimeweka oili ya kawaida, nzito. Baada ya mwezi njoo tuimwage tuone inatokaje. Ikitoka safi mara mbili mfululizo, hapo ukitaka sintetiki tutazungumza."

"Sawa, mwanangu." Mzee aliuzungusha ufunguo mkononi. "Umenisamehe?"

"Nimekutengenezea gari."

Akaondoka na hilo. Anakuja kila mwezi, anasalimiwa, anatengenezewa, anakwenda. Mama humwangalia akipita, na siku moja alimpelekea maji ya kunywa, lakini hakukaa naye.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyepata shida. Muuza spea alimfuatilia kwa furaha na kuleta taarifa. Alikwenda kwa fundi wa kwanza, akaambiwa weka. Wa pili, weka. Wa tatu alimuuliza, Nati amesemaje? Mwalimu akajibu, amesema niweke. Basi si uweke, Mwalimu? Naye akasema, ndiyo maana siweki. Galoni alilonunuliwa na wanawe likakaa sebuleni. Akaogopa na ile oili iliyomo, maana Nati alikuwa ameingiza kidole chake mle ndani, na nani ajuaye alikuwa na nini kwenye kidole? Akaimwaga, akaweka nyingine, akaimwaga tena. Kila taa ikimulika, hata ya mkanda, alisimama kando ya barabara. Mwishowe akalifunika gari kwa turubai.

Mama alikutana naye kwenye mteremko wa sokoni, saa saba za mchana, mfuko wa mboga huku na fimbo huku, shati limemganda mgongoni.

"Mwalimu! Mbona kwa miguu? Gari liko wapi?"

"Linapumzika," alisema Mwalimu.

Mama alimpa pole kwa adabu zote, akasubiri apite, kisha akacheka mpaka ikabidi akalie ngazi ya duka la watu.

Mwezi uliofuata binti mkubwa wa Mwalimu alifika gereji, amechoka. Alimwomba Nati awasaidie, baba anawatesa, aseme tu ukweli mara moja ili yaishe. Nati alimkaribisha ofisini. Akachukua karatasi yenye jina la gereji, akaandika kwa herufi kubwa za kusomeka: Nimeikagua injini hii. Ni safi na haivuji. Wekeni sintetiki. Akatia saini, akabonyeza mhuri kwa nguvu.

Baba, alisikia baadaye, aliisoma karatasi ile mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akachukua fimbo yake na kwenda sokoni kwa miguu.